Kamba ya Upande wa Kulia

Kiuu, Ruiru
Jumamosi, 8 Machi 2025

Wimwega Tata,

Salamu kwanza, usije ukasema watoto wa Kang'ethe hawana adabu kwa shangazi yao. Huku sote wazima. Baba amerudi kazini na goti lake limeacha kulia akipanda ngazi. Anasema yule jogoo uliyemtumia aliisha Jumapili moja. Mimi bado niko saluni, nasuka watu Jumatatu hadi Ijumaa mpaka shingo inauma. Ephantus wa pikapu ameniambia una paka. Wewe Tata, na paka?

Sasa kaa chini. Kama una kitu jikoni, zima moto kwanza.

Tunatengeneza filamu! Si zile video za dakika mbili ninazochekea kwenye simu. Filamu kamili, saa moja na nusu, mapenzi na mafuriko, daraja linavunjika, watu wanakimbia, kwaya inaimba, kila mtu analia. Marvin, yule jirani yetu anayepiga picha za harusi, ndiye mwelekezi. Ngigi wa duka la simu ndiye mvulana. Sura anayo, shida yake ni kwamba hajui kulia, tunamfundisha kwa vitunguu. Na msichana ni mimi! Tutaiita Daraja la Theta.

Hadithi yenyewe ni yako, Tata. Cucu, mama yako, alinisimulia mara moja tu kabla hajatuacha. Mwaka wa tisini na saba, mvua ya El Nino, msichana Mkikuyu wa kiwanda cha nguo hapo Thika na Wamalwa, kijana Mluhya anayepasua mbao ng'ambo ya mto. Baba wa msichana anakataa. Wanapatana wakutane kwenye daraja la miguu kule Theta, watoroke. Maji yanakuja. Wamalwa anakufa akikusubiri, na wewe huolewi tena maisha yako yote. Niliisikia nikiwa na miaka kumi na tatu na sijawahi kuisahau.

Naomba mambo mawili. Ruhusa yako, na jibu la swali moja: mara ya mwisho mlipoonana, alikuambia nini? Nataka Ngigi aseme maneno yale yale.

Ningekuja mwenyewe kukuuliza, lakini wikendi zote tunashuti, na wewe huvuki mto kuja kwetu hata nilipohitimu chuo. Simu masikio yako hayaipati, SMS unasema ni za wezi. Basi nitaandika kama binadamu, na Ephantus atabeba akija huko kuchukua parachichi Jumatano.

Ni mimi mwigizaji wako,
Mumbi


Makongeni, Thika
14 Machi 2025

Mumbi,

Barua ilifika chini ya kreti tupu, imekunjika kama leso ya mtoto. Mwambie Ephantus karatasi si sukuma wiki. Mimi niko sawa, masikio ni yale yale, mashine za kiwanda zilikula zilichokula. Paka si wangu, ni wa panya. Yuko kazini. Mwambie baba yako jogoo alikuwa wa mbegu, si wa Jumapili.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kikuyu chako cha kuandika kinatia aibu ukoo mzima.

Hiyo filamu, mmeanza vibaya. Ephantus amenionyesha picha yako kwenye simu yake, umefunga kitenge kichwani kama mama wa matangazo ya chai. Sisi tulifunga kitambaa cheupe, kimebana, ili nyuzi za pamba zisiingie nyweleni. Dastikoti ya kazini ilikuwa ya buluu, imefika magotini. Hatukutembea tukiyumba kiuno. Tulikuwa tumechoka.

Na maji hayakuja meupe. Yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na kabla ya kuyaona ulisikia harufu ya udongo. Daraja lilikuwa la mbao na kamba, watu wawili hawapishani. Ng'ombe akivuka mnangoja. Andikeni hivyo.

Ruhusa unayo. Lakini asiitwe Wamalwa, mpeni jina lingine. Na mtu yeyote asijue kwamba msichana ni mimi, hata huyo Marvin.

Kuhusu lile swali lako, mwaka huu parachichi zimezaa mpaka tawi limevunjika.

Kula vizuri.
Tata yako


Kiuu, Ruiru
Jumapili, 6 Aprili 2025

Tata mpendwa,

Habari ya huko? Paka ameshika wangapi? Huku wote salama, Baba anasema pole ya jogoo lakini uso wake hausemi pole.

Kitambaa cheupe nimepata! Dastikoti Marvin ameshonesha kwa mtu wa mitumba, na nikitembea sasa natembea nimechoka, na ni kweli, ni bora mara mia. Mvulana tumemwita Barasa. Sijasema jina lako kwa mtu.

Sasa nikuambie ya mafuriko, na ujue nacheka mpaka kalamu inaruka. Tulipanga Jumamosi iliyopita. Marvin alikodi lori la maji, lita elfu kumi, likae juu kwenye mteremko wa hapo nyuma ya plot yetu. Akishusha mkono, dereva afungue, maji yateremke na kile kinjia, na watu arobaini wakimbie wakipiga nduru. Tuliwafundisha wiki nzima. Auma, mama wa nyumba ya kona, ndiye angeanguka na kubebwa na maji. Alikuwa amejifunza kuanguka mpaka magoti yametoka ngozi.

Marvin akapiga kelele, "Action!" Mkono ukashuka. Maji yakaja, Tata! Yalikuja kweli, na rangi tulikuwa tumetia udongo.

Kwa sekunde mbili watu walisimama. Halafu Auma akasema, "Haiya! Hayo maji yanamwagika bure?"

Unajua Kiuu. Mfereji wa maji ulikuwa umekauka, hiyo ilikuwa siku ya tisa. Watu arobaini waligeuka na kukimbia, lakini kuelekea mafuriko! Wakaingia majumbani na kutoka na mitungi ya manjano, na mabeseni, na sufuria. Mzee mmoja alikuja na gumboot moja. Marvin analia, "Kimbieni! Mnakufa! Guys, mnakufa!" Auma akamjibu akiwa amelala kwenye maji akikinga na karai, "Wewe tuache tufe na maji yetu. Ya kufua ni ya kufua."

Ngigi alikuwa amesimama juu ya daraja letu la mabanzi akinisubiri na vitunguu machoni, analia vizuri kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyemwangalia.

Tutarudia mvua za masika zikishika, kule Murera, tukiwa kwenye ukingo mahali salama. Sasa niambie mwisho. Tumeandika kwamba Barasa anazama ameshika kitambaa chako cheupe mkononi, kinabaki juu ya maji peke yake. Nikisoma hapo mimi mwenyewe nalia bila kitunguu. Iko sawa?

Na hujajibu swali langu. Parachichi nimezisikia.

Mumbi


Makongeni, Thika
11 Aprili 2025

Mumbi,

Nimesoma hiyo ya mitungi mara nne. Mama Githae wa mlango wa pili alikuja kuuliza kama nalia. Nimecheka mpaka nikajisikia kwa masikio yangu mwenyewe, na si jambo dogo. Huyo Auma mlipe mara mbili, ndiye mwenye akili kati yenu.

Niko salama. Paka amefika saba.

Sasa nikuulize. Kwa nini lazima afe? Mtu amesimama pale na mvua, amefanya kosa gani? Mpeni nafasi. Mto ule watu walitoka, wengine walitoka. Ninyi vijana mnaua watu kwenye filamu kama kuku wa Krismasi.

Na kitambaa sikumpa. Usiandike nilimpa kitu.

Tata yako


Kiuu, Ruiru
Jumapili, 11 Mei 2025

Tata,

Natumaini mvua haijaingia kwa ile nyumba ya kuku. Huku matope mpaka kwa kitanda, lakini tumeshuti! Mto wa Murera ulijaa wenyewe, rangi ya chai ya maziwa kama ulivyosema, tukasikia harufu kabla ya kuyaona maji. Nilisimama ukingoni nikapiga kelele jina la Barasa mpaka sauti ikakatika, na Marvin akasahau kusema "cut". Tata, nimepata kazi yangu duniani. Si kusuka nywele.

Tulibishana juu ya kifo. Nilimwambia Marvin mtu mmoja ninayemheshimu hataki Barasa afe. Akasema, "Mumbi, be serious. Mafuriko bila maiti ni mvua tu." Nami nakubaliana naye kidogo, usikasirike. Alikufa kweli, sivyo? Tukimwokoa tutakuwa tunadanganya.

Daraja sasa ni zuri. Lile la mabanzi lilikuwa kichekesho, tukatafuta fundi wa mbao. Anakaa hapa Ruiru kama miaka mitatu, alitoka magharibi, kazi za mijengo. Tunamwita Fundi tu. Ni mtu wa miaka sitini hivi, anachechemea, penseli haitoki nyuma ya sikio. Nilimwonyesha mchoro wetu, akauangalia kitambo, akasema, "Si hivi. Mbao zilikuwa nyembamba. Na kamba ya kushoto ilikuwa imeoza, ile ya kulia ndiyo ilikuwa nzuri. Wekeni hivyo." Nikamuuliza kama aliliona lile daraja. Akasema aliwahi kupita. Siku ya kushuti alikaa kwenye jiwe mchana kutwa bila kula, halafu akaniuliza, "Hii story nani aliwapa?" Nikasema ni ya mtaani tu, maana uliniapisha. Akauliza tena, "Na huyu msichana, mwishowe anavuka?"

Nikamwambia hatujaamua. Unaona? Hata fundi anataka kujua mwisho.

Mumbi


Makongeni, Thika
15 Mei 2025

Mumbi,

Huyo fundi anaitwa nani?

Tata


Kiuu, Ruiru
Jumapili, 8 Juni 2025

Tata! Tata!

Barua yako ya tarehe kumi na tano Mei imenifikia leo. Leo! Ephantus aliiweka juu ya kile kivuli cha kioo cha pikapu "ndiyo isipotee", na jua lilipotoka wiki hii akakishusha, ikamwangukia mapajani. Mwezi mzima nilidhani umenikasirikia kwa sababu ya kifo. Nimeshindwa hata kumgombeza, anaomba msamaha kwa kreti nzima ya parachichi.

Nimekimbia kwa Fundi nikiwa na slipasi. Alikuwa anapiga randa mlango. Nikamwuliza, "Fundi, jina lako ni nani?" Akasema, "Wamalwa. Kwani mnataka kuliandika kwa filamu?"

Nilikaa chini kwa vumbi la mbao.

Nikamwambia ndiyo, kwa orodha ya majina ya mwisho, nikaondoka. Sijamwambia kitu kingine. Lakini Tata, mguu huo! Na ile kamba! Cucu alisema alikufa. Baba anasema alikufa. Wewe umeniandikia barua tatu na hukusema alikufa, nimezisoma zote tena sasa hivi, hujaandika hilo neno hata mara moja. Ulijua?

Sijui hata kama hii ni furaha ama hasira. Jibu haraka. Mpe Ephantus mkononi na umwangalie akiingiza mfukoni.

Mumbi


Makongeni, Thika
12 Juni 2025

Mumbi wangu,

Leo hakuna habari za paka.

Nilijua. Tangu Februari ya tisini na nane nilijua.

Uliniuliza maneno yake ya mwisho. Ilikuwa Jumapili, tuko kwenye geti la kiwanda. Alisema, "Ukivuka, shika kamba ya upande wa kulia, ya kushoto imeoza." Basi. Hakusema la mapenzi. Kulia kwako ukitoka Thika, alirudia mara mbili, maana alijua mimi huchanganya.

Tulipatana Alhamisi saa nane mchana. Nguo zangu zilikuwa kwenye kiondo. Baba alikaa mlangoni anachonga mpini wa jembe, hakunitazama. Nikaanza kumenya viazi. Nilimenya viazi vya watu ishirini na nyumbani tulikuwa watano. Sikufungiwa, Mumbi. Mama yangu alikuhadithia kana kwamba nilikuwa njiani. Sikuwa njiani. Niliogopa, nikamenya viazi, na yeye alisimama juu ya daraja ananingoja kwa sababu nimechelewa, na ndipo maji yakaja.

Saa kumi watu walifika wakisema daraja limeenda na kijana wa mbao alikuwa juu yake. Baba yangu, yule yule aliyemkataa, alilia. Majirani wakaniletea unga na sukari. Kanisani wakaniombea. Kila mtu aliniheshimu kama mjane.

Halafu barua ikaja, kutoka Kitale. Alishika kamba ya kulia, ikamtupa ukingoni mbali kule chini, mguu ukavunjika. Aliandika, "Wewe ulikuwa wapi? Nijibu hata kama ni kusema hapana." Ningemjibu nini? Kwamba nilikuwa namenya viazi? Na unga wa watu nilikuwa nimeshaula. Nikasema nitajibu wiki ijayo. Imekuwa miaka ishirini na saba.

Ndiyo maana sivuki kuja kwenu. Si maji ninayoogopa. Naona aibu, tena aibu kubwa, na sijawahi kuisema mpaka leo. Barua yake ninayo, ndani ya Biblia.

Usimwambie. Ama mwambie. Sijui.

Tata yako


Kiuu, Ruiru
Jumapili, 29 Juni 2025

Tata wangu,

Nimelia, nimekasirika, nimekupenda, kisha nimelia tena. Baba aliniuliza kuna nini nikasema vitunguu vya Ngigi.

Sijamwambia Fundi. Si langu la kusema. Lakini nimejua mambo mawili bila kuuliza sana, mtu akisukwa huongea na mtu akipiga randa pia huongea. Aliwahi kuoa, mke akafariki miaka saba iliyopita. Na alikuja Ruiru ingawa kazi Kitale zilikuwepo. Nilipomwuliza kwa nini, alisema anapenda hewa ya huku. Hewa ya Ruiru, Tata! Na ule moshi!

Nimebadilisha mwisho. Marvin alikataa siku tatu, halafu nikamwigizia jikoni na viazi, akachukua kamera. Sasa msichana anamenya viazi, anamenya, anamenya, tunasikia mto kwa mbali. Anaangusha kisu na kukimbia. Anafika daraja limeenda. Ng'ambo kuna mtu amekaa kwenye matope, ameshika kamba. Hatuonyeshi kama ni mzima. Tunaishia hapo, kwa sababu mimi sijui kinachofuata. Hakuna anayejua isipokuwa watu wawili.

Tunaonyesha Jumamosi tarehe kumi na mbili Julai, saa nane mchana, ukumbi wa kanisa kule Theta. Kwaya yote inakuja, Auma amenunua kofia, Kiuu nzima imesikia. Madirisha tutayafunika kwa blanketi. Mabenchi anatengeneza Fundi, na atakuwepo.

Nimekuwekea nafasi benchi la nyuma, mwisho kabisa. Ephantus atapita kwako saa tano. Usipokuja sitakuuliza, nakuahidi, sitakuuliza kamwe. Lakini ukija, kutoka Thika, lile benchi liko upande wa kulia.

Mumbi


Makongeni, Thika
Jumatatu, 14 Julai 2025

Mumbi,

Nimefika salama, baridi ya Julai imenishika kifua kidogo, paka alikasirika nilivyomwacha lakini amenisamehe. Msalimu baba yako. Alivyoniona mlangoni alishika ukuta.

Hatukuongea. Ulikuwa unapigana na ile projekta, na baadaye watu walikubeba juu kama bibi harusi. Filamu ni nzuri sana. Sikusikia hata neno moja na nililia kama mtoto. Unatembea umechoka sawasawa. Nilijivunia mpaka nikaona haya.

Sasa nikuambie ambacho hukukiona.

Nilifika mmeshaanza, giza. Nikaenda nyuma, benchi la kulia. Mtu alikuwa amekaa mwisho wake. Nilimjua kwa jinsi alivyoshika magoti. Aligeuka, akaniangalia, akasema kitu. Nikamwonyesha masikio. Akatoa penseli nyuma ya sikio lake na ile karatasi yenu ya ratiba, akaigeuza.

Akaandika, "Umechelewa."

Nikachukua penseli. Niliweza, kwa sababu wakati huo huo wewe ulikuwa pale juu kwenye ile shuka mliyotundika, na kisu na sufuria. Niliandika, "Nilikuwa namenya viazi. Niliogopa."

Akasoma. Akaangalia shuka, akakuona unamenya. Akanitazama mimi. Mumbi, yule mtu alicheka! Niliona mabega yanaruka, watu wa mbele wakageuka kumnyamazisha, na machozi yanamtoka. Akaandika, "Viazi?" Nikaandika, "Vya watu ishirini." Akacheka tena, mimi pia, na sijui nilitoa sauti gani, Auma na kofia yake aligeuka akaniangalia vibaya.

Ilipofika mwisho, ule wako usio na mwisho, watu wote walisimama wanapiga kelele, midomo yote inasema "Endelea! Endelea!" na Marvin anainua mikono kwamba imeisha. Sisi hatukusimama. Aliandika, "Barua yangu ilifika?" Nikaandika, "Ilifika." Halafu akaandika la mwisho, akakunja karatasi, akaniwekea mkononi, akatoka akichechemea kabla ya taa. Nimelisoma kwenye pikapu. Linasema, "Basi bado nangoja jibu."

Jibu nimemaliza kuliandika sasa hivi. Ephantus anakuja Jumatano, nimemwambia nitaingiza mfukoni mwake kwa mkono wangu na kufunga kifungo.

Ndani kuna bahasha mbili. Hii ni yako. Ile ndogo ni ya Fundi. Usiifungue, Mumbi, nakujua.

Tata yako